Homa ya matumbo iliyorudi mara tatu: uchambuzi wa kisa cha utitiri mwekundu katika shamba la kuku wa mayai

Kisa hiki kinaandikwa kwa ruhusa ya mfugaji. Jina lake, mahali shamba lilipo na tarehe vimeondolewa, na idadi ya kuku imebadilishwa kidogo. Mpangilio wa matukio umebaki kama tulivyouona, pamoja na makosa yaliyofanyika. Tunayataja kwa sababu kosa kubwa kuliko yote halikuwa la mfugaji. Lilikuwa letu, madaktari wa mifugo tulioitwa kumsaidia.

Shamba lilivyokuwa

Mabanda yalikuwa mawili, yameungana ubavuni. Katikati yao palikuwa na ukuta mmoja na chumba cha kukusanyia mayai chenye mlango kila upande. Banda la kwanza lilikuwa na kuku wapatao 3,400 wa wiki 46. La pili lilikuwa na kuku 2,600 wa wiki 26, ndiyo kwanza wanakaribia kilele cha utagaji. Wote walikuwa kuku wa kahawia. Rangi hiyo ina maana yake, kwani homa ya matumbo, ugonjwa wa kuku unaoletwa na bakteria wa jamii ya Salmonella, kwa kawaida huwaumiza kuku wa kahawia kuliko weupe wa aina ya leghorn.

Keji zilikuwa za chuma, ngazi tatu, na mkanda wa mayai ulipita mbele ya kila mstari. Kundi lililotangulia katika banda la kwanza liliondolewa kwa umri, banda likaoshwa kwa maji ya presha, likapuliziwa dawa ya kuua vijidudu, likakaa tupu wiki tatu. Kwa macho ya mtu yeyote lilikuwa safi. Chanjo za mdondo, gumboro na ndui zilikuwa zimetolewa kwa ratiba. Ya homa ya matumbo haikuwahi kutolewa.

Mfugaji alikuwa na jambo moja ambalo mashamba mengi hayana: daftari. Kila siku waliandika mayai, chakula, vifo na namba ya mstari ambako kuku aliyekufa alikutwa. Hiyo safu ya mwisho, ya namba ya mstari, ndiyo iliyotusaidia baadaye kuliko vipimo vyote.

Wiki saba kabla hatujaitwa

Dalili ya kwanza haikuonekana kwa kuku. Mama anayekusanya mayai alianza kuwashwa mikono, kuanzia kwenye kifundo hadi kiwiko, hasa jioni. Alipakwa mafuta, akaambiwa ni joto na vumbi la chakula. Wiki hiyohiyo mayai yalianza kutoka na vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya kalamu, vinavyofutika kwa kitambaa chenye maji. Wakavifuta, mayai yakaendelea kuuzwa.

Utagaji wa banda la kwanza ukashuka kutoka asilimia 88 hadi 84 ndani ya siku kumi. Ikalaumiwa shehena mpya ya chakula. Wiki ya tatu vifo vikapanda kutoka kuku mmoja kwa siku hadi wanne, na wengi wa waliokufa walikuwa na panga za kichwani zilizopauka. Baadhi walikuwa wakiharisha kinyesi cha kijani kinachoelekea manjano, kilichogandamana kwenye manyoya ya nyuma.

Mfugaji akanunua antibiotiki ya kundi la tetrasaiklini na kuitia kwenye maji siku tano. Vifo vikashuka hadi mmoja. Siku ya tisa baada ya dawa kuisha, vikarudi. Akabadilisha dawa, vikashuka tena, vikarudi tena, na safari hii kabla ya wiki kuisha. Dozi ya tatu ilikuwa mchanganyiko wa dawa mbili. Siku tatu za kwanza hali ilitulia, kisha vifo vikaanza kupanda huku dawa ikiwa bado ndani ya matenki.

Katikati ya yote hayo alikuwa na karatasi ya maabara aliyoiamini. Mnunuzi wake wa mayai hudai sampuli za kinyesi zipimwe kila baada ya miezi michache, na majibu ya mwezi huo yalisema hakuna Salmonella. Kwa hiyo homa ya matumbo, ambayo kijana mmoja shambani aliitaja mapema kabisa, iliondolewa kwenye orodha. Kijana akanyamaza.

Tulichokikuta mchana, na tulichokikuta usiku

Tulifika saa tano asubuhi. Kuku waliosimama walikuwa wazima kwa kuwatazama kwa mbali, ila panga zao zilikuwa za waridi iliyofifia badala ya nyekundu. Tulipasua mizoga sita ya usiku uliopita. Minne ilikuwa na picha inayofahamika: ini limevimba, linavunjika kwa kidole, na baada ya kukaa hewani dakika chache likageuka rangi ya shaba yenye ukijani. Wengu lilikuwa limekuwa kubwa. Viini vinavyokua kwenye kokwa ya mayai vilikuwa vimekunjamana, vingine vimening'inia kwenye vikonyo kama zabibu zilizokauka.

Mizoga miwili iliyobaki haikuwa hivyo. Ini la kawaida kwa ukubwa, limepauka. Misuli ya kifua myeupe. Damu ndani ya moyo ilikuwa majimaji tu, haikuganda sawasawa. Kuku hao wawili walikufa kwa kuishiwa damu.

Hapo ndipo tungeweza kukosea kwa urahisi. Kuku wa homa ya matumbo naye hupauka upanga, kwa hiyo ingetosha kusema mizoga yote sita ni ugonjwa mmoja, minne umefika mbali na miwili bado. Mwenzangu ndiye aliyeuliza swali lililotuokoa: damu imekwenda wapi? Hapakuwa na jeraha, hapakuwa na damu tumboni, utumbo ulikuwa safi. Tukamwomba mfugaji turudi usiku.

Saa nne usiku, taa zikiwa zimezimwa kwa zaidi ya saa mbili, tuliingia na tochi. Niliichomeka ncha ya kisu kwenye kiungo ambapo bano la keji linashikana na nguzo, nikakivuta polepole juu ya karatasi nyeupe. Kilichodondoka kilifanana na jivu la sigara: kijivu, chepesi, kikavu. Hilo jivu likaanza kutembea. Ndani yake vilikuwemo vidonge vyekundu vinavyong'aa, vile vilivyokwisha kula, na vumbi jeupe la maganda ya mayai ya utitiri. Kwenye miguu ya kuku wa ngazi ya chini, kwenye mwanga wa tochi, foleni nyembamba ilikuwa ikipanda. Mfugaji alisimama nyuma yetu bila kusema neno. Alikuwa ameingia banda hilo kila siku kwa karibu mwaka mzima, lakini kila siku ilikuwa mchana.

Huyu ni utitiri mwekundu wa kuku, Dermanyssus gallinae. Hakai mwilini. Hutoka usiku, hunyonya kwa muda usiozidi saa moja hivi, kisha hurudi kwenye ufa. Mkubwa hafiki milimita moja, na kabla ya kula ni wa kijivu. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 anaweza kutoka yai hadi mkubwa anayetaga ndani ya siku saba hadi kumi. Utitiri wa kaskazini, ambao wafugaji wengi huuchanganya na huu, huishi juu ya kuku mwenyewe na huyafanya manyoya ya nyuma kuwa meusi, kwa hiyo ukimshika kuku mchana unauona. Huu wetu ungewashika kuku mia mchana na usione hata mmoja.

Sampuli

Tuliomba antibiotiki isimamishwe na tukasubiri siku nne ndipo tukachukua ini, wengu na uboho kutoka kwa kuku waliokufa ndani ya saa chache. Tulikusanya pia utitiri kwenye chupa, tukauosha kwa alkoholi ili kuondoa bakteria wa juu ya ngozi, ukasagwa na kuoteshwa.

Fomu ya maabara tuliiandika kwa herufi kubwa kwamba tunatafuta Salmonella isiyoogelea. Hili linahitaji maelezo kidogo. Njia inayotumika sana kupima Salmonella kwenye kinyesi cha kuku hutumia jeli laini ambayo bakteria huogelea ndani yake na kuacha duara jeupe. Salmonella Gallinarum, inayosababisha homa ya matumbo ya kuku, haina mikia ya kuogelea. Ukiiweka kwenye jeli hiyo inakaa pale ulipoiweka, na majibu yanatoka hakuna. Tena kuku walipimwa wakiwa wanakunywa antibiotiki. Karatasi ya mnunuzi haikuwa ya uongo. Ilijibu swali la mnunuzi, ambaye shida yake ni zile Salmonella zinazowaumiza walaji, siyo ile inayoua kuku.

Siku ya tano majibu yakaja: Salmonella Gallinarum kutoka kwenye uboho na ini la kuku wanne kati ya watano. Ilikuwa sugu kwa dawa mbili kati ya zile alizotumia mfugaji. Na kwenye chupa mbili kati ya tatu za utitiri, bakteria huyohuyo.

Maamuzi, na sababu zake

La kwanza halikuwa na mjadala: taarifa kwa mamlaka ya mifugo. Homa ya matumbo ya kuku imo kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, na nchi nyingi zinataka itolewe taarifa. Usafirishaji wa kuku ukasimamishwa. Mayai yaliyotagwa siku za dawa, na zile za muda wa kusubiri baada yake, yakatolewa sokoni. Hili lilimuuma mfugaji kuliko vifo, kwa sababu mayai ya dozi mbili za kwanza yalikuwa yameshauzwa na hakuna namna ya kuyarudisha.

La pili lilikuwa banda la kwanza: kutibu au kuondoa? Vifo vilikuwa vimefika 310. Mfugaji alitaka kutibu kwa dawa ambayo bakteria bado waliisikia, na hesabu yake ilikuwa na mantiki, kuku wa wiki 53 bado wana miezi ya kutaga. Sisi tulipinga kwa sababu moja kubwa. Kuku anayepona homa ya matumbo mara nyingi hubaki amebeba bakteria, anaonekana mzima, na anaweza kuupitisha hata ndani ya yai. Antibiotiki hupunguza vifo. Haiwaondoi hao wabebaji. Ungekuwa unanunua utulivu wa wiki mbili mbili hadi kundi liishe, ukiwa na kundi changa upande wa pili wa ukuta. Mamlaka ilikubaliana nasi. Kuku wote wa banda la kwanza waondolewe ndani ya siku sita.

La tatu lilikuwa banda la pili. Vifo vyake vilikuwa vya kawaida. Tulipima damu ya kuku 60 kwa kipimo cha haraka cha kigae, ambapo tone la damu huchanganywa na bakteria waliotiwa rangi na kuangaliwa kama linagandamana. Hakuna lililogandamana. Kwa nini 60? Kwa sababu kama angalau asilimia 5 ya kundi lina ugonjwa, sampuli ya ukubwa huo ina nafasi ya asilimia 95 ya kumkamata angalau mmoja. Haimaanishi kundi ni safi. Tulimwambia mfugaji hivyo, na nadhani alisikia tu neno hakuna, kama ilivyokuwa kwa ile karatasi ya kwanza.

Mitego ya utitiri katika banda la pili, vipande vya kadibodi yenye mifereji vilivyofungwa chini ya keji kumi tofauti, ilikutwa na vidudu vichache tu. Tukaamua kutumia fluralaner, dawa ya maji ya kunywa inayoua utitiri unaponyonya damu ya kuku: miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili, siku saba katikati. Hizo siku saba zina maana. Dawa haiyagusi mayai ya utitiri ufani, wala kiluwiluwi wa kwanza mwenye miguu sita, ambaye hali kabisa. Dozi ya pili inawasubiri hao wakishafika umri wa kunyonya.

Dawa ilihitaji kibali na ilichelewa siku 16. Kwa hiyo mifuko yote ya unga wa silika tuliyokuwa nayo, ule unaoukausha utitiri kwa kuvua mafuta ya ngozi yake, tuliielekeza banda la pili.

Pembeni kidogo: siku ya tatu mtu alimletea mfugaji chupa ya dawa ya kupe wa mbwa yenye fipronili, akiapa kwamba inamaliza utitiri usiku mmoja. Pengine ingemaliza. Mwaka 2017 mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Uholanzi, Ubelgiji na nchi nyingine za Ulaya kwa sababu fipronili ilikuwa imetumika kwenye mabanda ya kuku kuua utitiri huuhuu, ilhali hairuhusiwi kwa wanyama wa chakula. Chupa ikarudishwa kwa mwenyewe.

Kosa letu

Tulipopanga kuondoa kuku wa banda la kwanza, mfugaji aliuliza kama tusingewapulizia au kuwawekea silika kwanza. Jibu letu, na nalikumbuka kwa maneno yake: kwa nini kupoteza dawa kwa kuku wanaoondoka wiki ijayo?

Swali lile lilikuwa sahihi na jibu lilikuwa la kijinga. Dawa haikuwa kwa ajili ya kuku. Ilikuwa kwa ajili ya maelfu kwa maelfu ya utitiri ndani ya mabano, ambao ulikuwa na chakula cha uhakika ngazi moja juu yake na kesho yake haungekuwa nacho. Tulipoondoa kuku wote kwa siku mbili, tuliacha nyuma banda lililojaa vidudu vyenye njaa. Utitiri wenye njaa hauketi. Unafuata joto, hewa wanayoitoa wanyama na mtikisiko.

Usiku wa nne kijana aliyeingia kufungua vyombo vya maji alitoka akijipiga mikono na shingo. Asubuhi ya sita mtego namba 7 wa banda la pili, uliokuwa karibu kabisa na mlango wa chumba cha mayai, ulikuwa umejaa hadi mifereji haionekani. Mtego namba 1, ule wa mwisho wa banda, ulikuwa na vidudu viwili. Kwa kutazama mitego kumi kwa mpangilio ungeweza kuchora njia yake: kupitia tundu la mkanda wa mayai, juu ya reli, kuingia mstari wa tano.

Siku ya 19 baada ya banda la kwanza kubaki tupu, kuku wawili walikufa mstari wa tano. Maini yao yalikuwa na rangi ya shaba.

Matokeo

Fluralaner ilikuwa imeshafika na dozi ya kwanza ilikuwa imetolewa siku tatu kabla ya vifo hivyo. Mstari wa tano wote, kuku 212, uliondolewa siku hiyohiyo. Dozi ya pili ikatolewa siku yake. Waliobaki walipimwa damu wote, siyo sampuli, mara mbili kwa tofauti ya wiki tatu; walioonyesha majibu, 41 mara ya kwanza na 6 mara ya pili, wakaondolewa. Jumla ya waliokufa kwa ugonjwa banda la pili ilikuwa 37. Mitego baada ya dozi ya pili ilikuwa mitupu kwa majuma mengi, na utagaji, ambao haukuwa umeshuka sana, ulirudi ulipokuwa. Kundi lilimaliza umri wake chini ya uangalizi na likachinjwa kwa kibali.

Chanjo ya homa ya matumbo ilifikiriwa kwa banda la pili na ikakataliwa kwa wakati ule. Chanjo hai inayotokana na 9R, aina ya bakteria dhaifu iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, huvuruga kipimo cha kigae: baadaye usingejua ni kuku gani ameambukizwa na ni yupi amechanjwa. Kundi jipya la banda la kwanza lilichanjwa wakati wa kukuzwa, kabla halijafika shambani.

Banda la kwanza lenyewe lilichukua zaidi ya miezi miwili. Keji zilifunguliwa viungo. Kila bano lilipigwa mvuke wa moto, kwa sababu utitiri hauvumilii joto linalozidi nyuzi 45. Likakaushwa siku kadhaa na feni kabla ya silika kupuliziwa, kwani silika juu ya chuma chenye unyevu ni tope tu. Dawa za kuua bakteria zikafuata mwisho.

Uchambuzi: ugonjwa ulikuwa na nyumba mbili

Kila mara mfugaji alipotoa antibiotiki alikuwa sahihi kwa nusu. Bakteria ndani ya damu ya kuku walipungua na vifo vikashuka. Daftari linaonyesha hivyo wazi mara zote tatu. Ila waliobaki walikuwa sehemu mbili ambazo dawa haikufika. Sehemu ya kwanza ni kuku wabebaji. Sehemu ya pili ni ufa wa keji.

Kupatikana kwa bakteria ndani ya utitiri si ushahidi kwamba utitiri ndio ulioambukiza. Unaweza kuwa umenyonya tu damu chafu na kufa nayo. Lakini majaribio ya maabara yameonyesha kwamba utitiri huu unaweza kubeba Salmonella Gallinarum na kuipitisha kwa kuku wazima. Tena kuku wanapojidonoa usiku huwameza, na huo ni mlango wa mdomo ambao homa ya matumbo inaupenda. Kisha kuna safu ya namba za mstari kwenye daftari. Vifo vya banda la pili vilianza mstari uleule ambao utitiri uliingilia, ndani ya wiki tatu, wakati kuku 60 waliopimwa kabla walikuwa hawana majibu. Kijana aliyehama kati ya mabanda anaweza kuwa alibeba kinyesi kwenye viatu, na hatuwezi kuliondoa hilo. Ila viatu vyake vilipita mistari yote.

Jinsi bakteria alivyofika shambani mwanzo kabisa hatukuipata. Trei za mayai zilizokuwa zikirudi kutoka nje bila kuoshwa zinashukiwa, na panya pia.

Kuhusu utitiri, nadhani ulikuwepo tangu kundi lililotangulia. Wiki tatu za banda tupu si kitu kwake: katika sehemu yenye ubaridi unaweza kukaa miezi minane au zaidi bila kula. Maji ya presha yanaondoa kinyesi juu ya chuma na kuingiza unyevu ndani ya kiungo, unyevu ambao unaupenda. Dawa ya kuua vijidudu iliyotumika ilikuwa ya bakteria na virusi. Banda lilikuwa safi kwa pua na kwa jicho, na kundi jipya lilipoingia chakula kilirudi mezani.

Uchambuzi: dalili zilizopotea

Mama wa mayai alikuwa na utambuzi sahihi kwenye ngozi yake wiki saba kabla yetu. Vidoa vyekundu kwenye ganda ni utitiri ulioshiba uliopondwa na mkanda. Hakuna sababu nyingine nyingi zinazotoa vidoa vya aina hiyo kwa wingi huo. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha muwasho, vidoa na panga zilizopauka. Mambo hayo matatu yaliripotiwa kwa watu watatu tofauti: mke wa mfugaji, mnunuzi na mwuza chakula.

Na yule kijana aliyesema homa ya matumbo siku za mwanzo? Alikuwa amewahi kufanya kazi shamba lililoupata. Alishindwa na karatasi. Tangu kisa hiki tunawauliza wafanyakazi kabla ya kusoma majibu ya maabara, na tukiyasoma tunauliza kipimo kilikuwa kinatafuta nini.

Uchambuzi: lipi lingefanywa kwanza

Kama tungerudi nyuma, tungeomba mamlaka iongeze siku chache, tuwawekee silika na dawa ya kupulizia inayoruhusiwa kwenye banda la kwanza huku kuku wangali ndani, kisha turudie baada ya siku saba. Utitiri ungekufa ukiwa unatoka kula badala ya kufa ukiwa unahama, au kutokufa kabisa. Wakati huohuo tungeziba tundu la mkanda wa mayai na kuweka mpaka wa silika kwenye chumba cha katikati. Gharama yake ingekuwa siku kumi za chakula kwa kuku wanaoondoka. Tulichookoa kwa kutofanya hivyo ni mifuko michache ya unga, na tulichopoteza ni mstari wa tano.

Mitego ya kadibodi ndiyo iliyofanya kazi kuliko tulivyotarajia. Ni rahisi, hufungwa jioni, huchukuliwa baada ya siku mbili, huingizwa kwenye jokofu la kugandisha usiku mmoja ili vidudu vife, kisha huhesabiwa au kupimwa uzito. Bila namba zake tungeona vifo vya mstari wa tano kama bahati mbaya.

Kundi jipya la banda la kwanza sasa lina wiki 31. Mitego imefungwa tangu siku ya kwanza, kumi kila banda. Wiki ya 29 mtego namba 7, palepale karibu na mlango wa chumba cha mayai, ulikutwa na vidudu vinne vya utitiri. Mfugaji alituma picha saa tatu usiku, kabla hatujamuuliza, na chini yake ameandika kwamba mama wa mayai bado hajaanza kuwashwa.